Kupamba meko ya ukutani wakati wa Krismasi: soksi, gogo, majani mabichi na umbali wa moto

Kila ikikaribia Krismasi, picha ileile hurudi kwenye simu zetu. Sebule yenye joto, moto unawaka ndani ya ukuta, juu ya moto kuna rafu iliyolazwa majani mabichi, na kwenye ukingo wa rafu zinaning'inia soksi nyekundu tatu au nne. Utaiona kwenye kadi za salamu, kwenye filamu, kwenye matangazo, hata kwenye vitambaa vya meza vinavyouzwa mnadani.

Wasikilizaji wetu wametuuliza mambo mawili kuhusu picha hiyo. La kwanza ni la udadisi: soksi zile ni za nini, na kwa nini zitundikwe juu ya moto, mahali ambapo mtu mwenye akili zake hatundiki nguo? La pili ni la kazi. Huku nyanda za juu kusini ziko nyumba za wageni, nyumba za misheni na nyumba za zamani za mashamba ya chai zenye meko ya namna hiyo. Anayefanya kazi humo huambiwa na mwenye nyumba apambe kwa ajili ya sikukuu, akaachiwa boksi la mapambo bila maelezo yoyote. Dakika tulizonazo hewani hazitoshi kwa yote mawili, ndiyo maana tumeyaandika hapa.

Tuelewane kwanza juu ya majina

Meko ya ukutani ni uwazi uliojengwa ndani ya ukuta kwa ajili ya kuota moto. Wengine huita fayaplesi. Moshi hupanda kwa dohani, yaani bomba la moshi lililojengwa kwa matofali au mawe mpaka juu ya paa. Juu ya uwazi huo kuna rafu, ya ubao mnene, ya jiwe au ya saruji. Hiyo ndiyo inayopambwa. Mbele ya moto, sakafu huwa ya mawe au vigae ili cheche ikidondoka isikute zulia.

Nyumba za Uingereza hazikuanza na mpango huu. Kwa karne nyingi moto ulikokwa katikati ya sakafu, na moshi ukajitafutia njia kwenye paa la nyasi, vilevile kama kwenye jiko la mafiga matatu ambalo wengi wetu tumelelewa ndani yake. Dohani zilianza kwenye majumba ya wakubwa. Kwa watu wa kawaida zilienea zaidi katika karne ya 16 na ya 17. Hata rafu yenyewe haikuanza kama rafu. Ilianza kama kofia iliyochomoza juu ya moto ili kukusanya moshi, na baadaye watu wakaona kuwa panafaa kuweka vitu.

Moto ulipohamia ukutani, viti vyote vikageukia ukuta huo, kama leo viti vya sebuleni vinavyoitazama televisheni. Rafu ikawa mahali pa vitu vya thamani vya nyumba: saa, picha za wazazi, barua, vinara vya mishumaa. Kwetu sisi kazi hiyo hufanywa na kabati la vyombo lenye kitambaa cha kufuma. Kwa hiyo sikukuu inapofika hakuna anayejiuliza pambo liwekwe wapi. Linawekwa pale macho ya wote yanapoelekea.

Tena kumbuka majira. Kwetu baridi kali ni ya Juni na Julai, wakati Makete umande unaganda asubuhi. Kwa wenzetu wa kaskazini, Krismasi huangukia siku chache baada ya siku fupi kuliko zote za mwaka. London wakati huo jua huchomoza kama saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi alasiri. Familia hufunga milango na madirisha, na kwa muda mwingi wa siku hukaa karibu na moto. Mapambo yale yalizaliwa katika giza na baridi hiyo, na ukilijua hilo, mengine yote yanaeleweka kwa urahisi.

Soksi

Mambo yanaanza na mtu wa kweli, Mtakatifu Nikolao, aliyekuwa askofu wa mji wa Mira katika karne ya 4. Mahali hapo leo ni Demre, nchini Uturuki. Masimulizi ya kale yanasema palikuwa na baba maskini mwenye binti watatu ambao hawakuweza kuolewa kwa kukosa mahari, kwani kwa desturi ya huko mahari ilitoka kwa upande wa binti. Nikolao akatupa dhahabu nyumbani kwao usiku, kwa siri, ili asishukuriwe. Katika masimulizi ya mwanzo dhahabu iliingia dirishani. Katika yale ya baadaye ilishuka kwa dohani na kutua ndani ya soksi zilizoanikwa karibu na moto.

Hapo ndipo pana jibu la swali la wasikilizaji wetu. Soksi hazikutundikwa kwanza kama pambo. Zilikuwa soksi za sufu zilizoloa matope na theluji, nazo zilianikwa usiku penye joto ili asubuhi zivaliwe zikiwa kavu. Chombo cha kupokelea zawadi tayari kilikuwepo. Hata desturi ya kuweka chungwa kwenye kidole cha soksi huelezwa na wengi kuwa ni kumbukumbu ya ile dhahabu, na katika nchi ambako chungwa lilikuwa tunda la kununuliwa kwa bei, lenyewe lilikuwa zawadi ya kutosha.

Uholanzi walikwenda na viatu. Siku ya Mtakatifu Nikolao ni tarehe 6 Desemba, na watoto wa Kiholanzi huweka viatu karibu na meko, pengine na karoti au nyasi kwa ajili ya farasi wake, wakitumaini kukuta zawadi asubuhi. Wadachi ndio waliouanzisha mji ambao leo ni New York, na kumbukumbu za mtakatifu wao zilibaki zikisimuliwa huko. Mwaka 1823 gazeti moja la mji wa Troy, katika jimbo la New York, lilichapa shairi lisilo na jina la mwandishi kuhusu ujio wa Mtakatifu Nikolao, ambalo baadaye lilihesabiwa kuwa la Clement Clarke Moore. Humo mzee anashuka kwa dohani usiku wa kuamkia Krismasi na kujaza soksi zilizotundikwa. Shairi lilisomwa nyumbani na shuleni kizazi baada ya kizazi. Kuanzia miaka ya 1860 mchoraji Thomas Nast akamchora mzee huyo kwenye jarida la Harper's Weekly akiwa mnene na mwenye ndevu, na picha zikamaliza kazi iliyoanzwa na maneno.

Kwa nini apite kwenye bomba la moshi na si mlangoni? Sisi tunaona jibu liko kwenye baridi ileile. Nyumba ikishafungwa dhidi ya theluji, tundu pekee linalobaki wazi usiku kucha ni la moshi.

Gogo, na majani yasiyopukutika

Kabla ya soksi kupata umaarufu, palikuwa na gogo. Katika sehemu nyingi za Ulaya familia ilileta ndani gogo kubwa kuliko kawaida, likawashwa mkesha wa Krismasi na kuachwa liwake polepole kwa muda mrefu. Desturi ilitaka kipande chake kihifadhiwe ili kiwashie gogo la mwaka unaofuata. Meko yalipokuwa madogo, gogo likakosa pa kulala. Ufaransa walilihamishia mezani: leo wanaoka keki ya mviringo mrefu iliyopakwa chokoleti na kuchorwa mistari kama gome la mti.

Majani nayo yana sababu. Kaskazini miti mingi hupukutisha majani yote kipindi cha baridi na kubaki vijiti. Michache hubaki ya kijani: misonobari, ile tunayoiita paini, kichaka cha holi chenye majani ya miiba na matunda mekundu, na mtambazi uitwao aivi. Kuleta matawi hayo ndani ilikuwa kama kuiambia nyumba kwamba uhai haujakwisha. Kwetu Desemba mvua zimeshaanza, mahindi yanachipua na kila kitu ni kijani, kwa hiyo tawi la paini halina ujumbe uleule. Ndiyo maana hatuoni ubaya mtu wa Njombe akipamba kwa maua ya bustani yake au kwa vikapu vya Iringa vya milulu, badala ya kuhangaika na theluji ya pamba.

Kilichozima moto wenyewe hakikuwa mitindo. Kilikuwa moshi. Kuanzia tarehe 5 hadi 9 Desemba 1952, London ilifunikwa na ukungu uliochanganyika na moshi wa makaa ya mawe kutoka majumbani na viwandani. Hesabu za mwanzo zilitaja vifo vipatavyo 4,000, na makadirio ya baadaye yakapanda zaidi. Mwaka 1956 Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya hewa safi, iliyoruhusu kutengwa maeneo ambamo moshi wa kawaida haukubaliki. Watu wakahamia kwenye gesi, umeme na mabomba ya maji moto. Meko mengi yakazibwa, lakini rafu ikabaki ukutani, na Krismasi ikaendelea kuipamba.

Marekani walifika mbali zaidi. Usiku wa kuamkia Krismasi mwaka 1966, kituo cha televisheni cha WPIX cha New York kilirusha kwa saa tatu picha ya moto unaowaka kwenye meko, pamoja na nyimbo za Noeli, bila tangazo hata moja. Ilikuwa zawadi kwa watu wa ghorofani wasio na meko. Moto huo ulipigwa picha katika nyumba rasmi ya meya wa jiji. Ili kamera ione vizuri, waliondoa wavu wa chuma unaokaa mbele ya moto. Cheche ikaruka, ikaharibu zulia la kale lenye thamani ya dola 4,000. Kipindi kilipendwa na bado kinakumbukwa. Hata hivyo, kwa anayetaka kupamba, habari ya zulia ina faida kuliko ya kipindi, maana imetokea kwa watu waliokuwa wanautazama moto huo kwa macho yao wote pamoja.

Amua kabla ya kufungua boksi

Sasa tuje kwenye kazi. Kabla hujashika pambo lolote, muulize mwenye nyumba swali moja: siku hiyo moto utawashwa au hautawashwa? Picha nzuri unazoziona, zenye majani yanayoning'inia mpaka kwenye mdomo wa meko na soksi zilizopangwa katikati, mara nyingi ni za meko yasiyowaka, au ya moto wa umeme wa kuigiza, au moto uliwashwa dakika chache mbele ya mpiga picha. Anayeiga picha hiyo kisha akawasha kuni za kweli jioni ameshaandaa ajali. Na akiwa ni mfanyakazi, wa kwanza kuulizwa atakuwa yeye.

Kama jibu ni "tutaona," pamba kana kwamba moto utawashwa.

Meko yasiyowashwa

Hapa una uhuru, na kwa maoni yetu ndiyo njia bora kwa Krismasi ya huku, kwani Desemba si mwezi wetu wa baridi kali. Anza kwa kuondoa majivu yote na kufuta masizi kwa brashi kavu kisha kitambaa chenye maji ya sabuni. Masizi yakiachwa yatashika kila kitambaa cheupe utakachokileta karibu. Ndani ya uwazi panga magogo safi yenye gome, makubwa chini na madogo juu, katikati yake ukapitisha taa ndogo za betri. Matunda makavu ya paini, yale yanayookotwa chini ya miti, hujaza nafasi vizuri na hayana gharama. Ukipenda, weka chungu kikubwa cha maua badala ya magogo. Wenye imani huweka humo pango la Noeli, na kweli uwazi ule unafanana na pango. Ila kama kuna majani makavu au nyasi za hori, tumia taa ya betri, usiweke mshumaa.

Kuhusu matawi: ya paini na ya saiprasi hukaa kijani kwa siku kadhaa hata bila maji. Usiyakate kwenye shamba la mtu wala kwenye shamba la miti la Serikali kama lile la Sao Hill bila ruhusa. Omba matawi yanayotupwa watu wanapopogoa. Yaloweke kwenye ndoo usiku mzima kabla ya kuyafunga.

Juu ya rafu, tengeneza koja la majani, yaani matawi mafupi yaliyofungwa kwa kufuatana kwenye kamba ya katani, kila tawi likifunika kikonyo cha lililotangulia. Anzia katikati ukienda kulia, kisha anza tena katikati ukienda kushoto, ili majani yaelekee pande zote mbili na kiungo kifichwe na utepe mmoja mkubwa. Ukutani juu ya rafu weka kitu kimoja kikubwa tu: kioo, picha au shada la duara. Vitu virefu kama vinara vikae pembeni, vifupi viingie kuelekea katikati. Usivipange kama askari kwenye gwaride. Vitatu upande mmoja na viwili upande wa pili hupendeza kuliko viwili kwa viwili. Chagua rangi mbili au tatu, basi. Boksi likiwa na mapambo ya rangi saba, si lazima yote yatoke.

Soksi usizipigilie misumari kwenye rafu ya zamani. Ubao ukipasuka hautengenezeki. Tumia kulabu zenye uzito zinazokaa juu ya rafu, au funga fimbo nyembamba ya mwanzi kutoka pembe hadi pembe na kuzitundika hapo. Soksi ikijazwa huwa nzito. Kulabu ikidondoka na mtoto yuko chini, kitakachompiga kichwani ni chuma. Kwa hiyo soksi zikishajazwa, zishushe uziweke sakafuni ukutani, na wenye nyumba wengi hawatakuwa na neno.

Meko yatakayowashwa

Hapa kanuni ni ya umbali. Chochote kinachoweza kuungua, iwe jani, utepe, kadi, kiti au zulia, kikae angalau mita moja kutoka kwenye moto. Hicho ndicho kipimo kinachotolewa na wataalamu wa zimamoto wa nchi zenye uzoefu mrefu wa meko haya. Maana yake ni kwamba hakuna kitu cha kuning'inia mbele ya uwazi. Hakuna soksi, hakuna koja lililolegea. Soksi zihamie kwenye mgongo wa kiti kilicho mbali, kwenye ngazi au kwenye fimbo ya pazia. Rafu ibaki na vitu visivyoungua: vinara vya shaba, vyungu vya udongo, mawe, kioo, vinyago vya mawe. Pambo kubwa lipande ukutani juu kabisa.

Jaribu joto kwa mkono. Moto ukiwa umewaka nusu saa, weka kiganja juu ya rafu. Ukishindwa kukiacha hapo, basi hata mshumaa usiowashwa utalainika na kuinama, na taa za waya wa plastiki hazifai kukaa hapo. Nyaya za taa zisipite chini ya zulia wala mbele ya moto. Ekstensheni moja isibebe taa, redio na birika kwa pamoja.

Wavu wa chuma mbele ya moto usiondolewe hata kidogo, hata mgeni akisema anataka picha. Zulia la New York tumeshalisema.

Dohani iliyokaa miezi bila kutumika inaweza kuwa na kiota cha ndege au nyuki. Kabla ya siku yenyewe, chungulia kwa tochi, fungua kifuniko cha ndani kama kipo, kisha washa karatasi moja ya gazeti na uangalie moshi unaelekea wapi. Ukirudi sebuleni, usiwashe kuni, mwite fundi. Masizi yaliyoganda ndani ya dohani nayo hushika moto, na moto wa ndani ya bomba hufika kwenye mbao za paa bila mtu wa sebuleni kujua.

Kuni ziwe kavu kabisa. Miwati iliyokauka huwaka vizuri na kwa joto la kutosha. Paini mbichi ina utomvu mwingi, hurusha cheche na kuacha masizi. Huku kwetu pia vipo vipande vya nguzo na mbao zilizotiwa dawa, na watu huviokota kwa kuwa vinawaka upesi. Visiingie kwenye meko wala kwenye jiko la kupikia. Baadhi ya dawa za mbao zina aseniki, sumu inayobaki kwenye moshi na kwenye majivu.

Kwa wasio na meko

Krismasi haidai meko, na nyumba nyingi za Ulaya na Marekani leo hazina. Huko kumewahi kuuzwa hata meko ya boksi, yaliyochapwa picha ya matofali, ya kusimamisha ukutani. Kwa maigizo ya shule ya Jumapili njia hiyo inafaa sana: maboksi matatu ya bidhaa, mawili yakisimama na moja likilala juu yake kama rafu, yakapakwa udongo mwekundu na kuchorwa mistari myeupe. Ndani weka karatasi nyekundu na tochi. Mshumaa usikaribie, boksi ni karatasi.

Lipo jambo moja tunaloliomba kwa msisitizo. Picha zile humfanya mtu atamani moto sebuleni, na usiku wa mvua anaingiza jiko la mkaa, anafunga mlango, watoto wanalala kulizunguka. Meko ya ukutani yana dohani ya kutoa hewa chafu. Jiko la mkaa halina. Mkaa unaowaka bila moshi unaoonekana hutoa hewa ya kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, na haimwamshi aliyelala. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu, ambazo siku ya sikukuu mtu huzidhania ni za chakula au pombe. Ukiona watu wawili au watatu wa chumba kimoja wanalalamika hivyo kwa wakati mmoja, watoe nje kwenye hewa safi mara moja, kisha muwahi kituo cha afya. Dirisha kuwa wazi kidogo si kinga ya kutegemea. Jiko la mkaa likae nje au kwenye jiko la wazi, na wa kulala walale bila moto.

Mishumaa pia. Nchini Marekani, Krismasi ni miongoni mwa siku zinazoongoza kwa mioto ya nyumba inayoanzishwa na mishumaa, na sababu haina fumbo: watu wengi, mapambo mengi, na kila mmoja anadhani mwenzake ameuzima. Mpangie mtu mmoja kazi hiyo kwa jina, kabla ya watu kwenda kulala.

Siku ya kushusha

Kwa desturi ya Kiingereza mapambo hushushwa ifikapo tarehe 5 au 6 Januari, karibu na sikukuu ya Epifania, na wapo wanaoamini kuchelewa kunaleta mkosi. Mkosi tunawaachia wenyewe, lakini tarehe hiyo ina busara yake, maana matawi yaliyokatwa kabla ya Krismasi kufikia hapo yamekauka na yanashika moto kwa cheche moja. Yakianza kudondosha majani ukiyagusa, yashushe siku hiyohiyo hata kama bado ni Desemba.

Usiyachome kwenye meko ili kumaliza kazi haraka. Tawi kavu la paini huwaka kwa mlipuko, na karatasi za kufungia zawadi hupaa zikiwa zinawaka na kutokea juu ya paa. Matawi yapelekwe kwenye shimo la mboji au yatandazwe chini ya miche. Majivu yatolewe kwa koleo na kuwekwa kwenye ndoo ya chuma yenye kifuniko, nje, mbali na ukuta na mbali na rundo la kuni, kwani kaa lililofunikwa na majivu huweza kukaa hai zaidi ya siku moja. Ndoo ya plastiki haifai hata kama majivu yanaonekana yamepoa.